UZI: Kula vizuri ukiwa safarini – basi la mkoani, gesti, semina na kwa mama ntilie

#1 Kibuyu cha Njia

Wakuu, mtu anaweza kula vizuri kwake mwezi mzima, safari ya siku moja ikamvuruga. Watu hulaumu vyakula vya barabarani, lakini kinachoharibu ni njaa. Basi linatoka Mbezi Luis saa 12 alfajiri, abiria hajatia kitu tumboni. Saa 7 mchana linasimama, kondakta anapiga kelele "dakika kumi na tano jamani!" Hapo kuna foleni ya choo, foleni ya kulipia na foleni ya chakula. Utakachokamata ni kile kilicho tayari na kinachobebeka: chipsi, kuku wa kukaanga, sambusa na soda. Hoteli hiyo hiyo inaweza kuwa na ndizi za kuchemsha, maharage na mchicha, ila hivyo vinataka mtu akae, na muda wa kukaa haupo.

Kwa hiyo kazi yote inafanyika jana yake: hakikisha hufiki kituo cha chakula ukiwa umekaukiwa na njaa. Mfuko wa mtu mzima mmoja kwa safari ya saa kumi hadi kumi na mbili:

- viazi vitamu viwili vya ukubwa wa ngumi, vichemshwe na maganda yake
- mayai mawili ya kuchemsha, yasimenywe
- ndizi mbivu tatu au machungwa mawili
- karanga za kukaanga zisizo na chumvi, konzi mbili (konzi moja ni kama gramu 30, kalori 170 hivi)
- maji lita moja na nusu

Mambo mawili ndiyo huwaangusha watu. La kwanza, wanafunga chakula kikiwa cha moto kwenye kontena la plastiki. Mvuke unageuka maji, maji yanadondokea chakula, na ifikapo mchana kiazi kina utelezi na harufu. Acha kipoe kabisa, kisha kifunge kwenye kitambaa safi au karatasi ndiyo kiingie kwenye kontena. La pili ni mpangilio wa kula. Yai huliwa kwanza, mapema, ukiwa hujafika Chalinze. Kiazi kinafuata. Karanga na matunda yenye ganda hukaa mwisho kwa sababu haviharibiki haraka na joto.

Karanga zichambueni kabla ya kukaanga. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, usiseme moto utaua. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha.

Wenye ujuzi wa jikoni, hospitali na barabara karibuni muongeze.

#2 Tumbo Joto

Mkuu umesema maji lita moja na nusu. Basi halina choo, dereva anasimama akijisikia. Wengi hawanywi kabisa hadi wafike. Hapo unatushaurije?

#3 Kibuyu cha Njia

Swali zuri mkuu, na ndilo linalofanya watu washuke Mwanza na kichwa kinachogonga halafu waseme ni uchovu.

Kutokunywa siyo dawa. Tatizo ni kunywa kwa mkupuo. Ukigugumia nusu lita kwa mara moja, mwili unaisukuma nje haraka na ndani ya saa moja unaomba kuchimba dawa. Ukinywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 15 au 20, maji yanatumika njiani na kibofu kinajaa taratibu. Kabla ya kupanda, kunywa glasi moja saa moja na nusu kabla ya kuondoka, kisha pitia chooni stendi. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viache hadi ufike, vinakukimbiza chooni kuliko maji.

Kipimo chako ni mkojo wa kituo cha chakula. Ukiwa wa njano iliyopauka uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa.

Kuna na faida nyingine: maji ndiyo yanayozuia kufunga choo. Viazi na matunda vina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi bila maji huzidisha tatizo. Papai la asubuhi na kutembea kila basi linaposimama husaidia, hata kama ni kulizunguka basi mara mbili.

#4 Nesi wa Zamu

Naomba kuongezea upande wa usalama, maana chakula "cha afya" kilicholala vibaya kinakulaza wodini.

Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Hewa ikizidi nyuzi 32, na ndani ya basi mchana ni kawaida, hesabu saa moja tu. Ndiyo maana #1 kasema yai liliwe mapema, na mimi naongeza: lichemshwe alfajiri ile ile, siyo jana yake usiku likalala mezani.

Wali na pilau ndivyo vinavyowadanganya wengi kwa sababu haviwi na harufu mapema. Kuna kijidudu kinaitwa *Bacillus cereus*. Mbegu zake huvumilia kuchemka kwa mchele, halafu wali ukikaa uvuguvugu zinaamka na kutoa sumu. Sumu inayoleta matapishi haivunjiki hata ukiupasha wali. Kwa hiyo pilau la shughuli ya jana lililofungwa kwenye kontena usilipande nalo basi, hata kama linanukia.

Ukitaka kubeba kitu kinachotaka baridi, mfano maziwa mtindi au kuku wa kuchemsha, jaza chupa ya maji robo tatu, igandishe usiku, izungushie kitambaa, na ipange katikati ya mfuko. Ikiyeyuka unakunywa. Usijaze hadi juu, barafu hutanuka na chupa itapasuka kwenye friji.

Na kwa yeyote atakayeharisha njiani: pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja. Chumvi isizidi hapo. Damu kwenye choo, homa kali au kuharisha maji mfululizo ni safari ya kituo cha afya.

#5 Abiria wa Dirishani

Nami nizungumzie dakika 15 zenyewe, maana kuna namna ya kuzitumia.

Basi likipunguza mwendo, uwe umeshaamua. Shuka na pesa kamili mkononi. Choo kwanza, nawa mikono kwa sabuni, ndipo dirishani. Wengi hufanya kinyume, wananunua kwanza halafu wanaingia chooni na mfuko wa chipsi mkononi.

Dirishani usiulize "kuna nini?" Ukiuliza hivyo utatajiwa kilicho mbele yake, yaani vya kukaanga. Uliza kwa jina: "Kuna ndizi za kuchemsha? Maharage? Mchicha? Supu?" Vipo, vimefunikwa nyuma. Kama unakaa kula, agiza hivi: wali nusu, maharage, mboga za majani mara mbili, nyama au samaki kipande kimoja cha mchuzi. Watakuelewa na bei mara nyingi haipandi. Kama huna muda wa kukaa, bora mishkaki miwili na ndizi ya kuchoma kuliko zege (chipsi mayai).

Nje kuna wauzaji wanaokuja madirishani, na kwa kweli hapo ndipo barabara zetu zinapoanza kuwa tajiri. Njia ya kaskazini una machungwa ya Muheza, na pale Mombo kuna matunda yanayoshuka kutoka Lushoto. Njia ya kati una viazi vitamu vya Gairo na zabibu za Dodoma. Ukitokea Mbeya au Njombe una parachichi, ambalo ni chakula kamili kabisa likipata ndizi ya kuchemsha pembeni. Chagua kinachomenywa kwa mkono wako. Tikiti na nanasi vilivyokatwa na kupangwa kwenye ndoo, hujui kisu kimepita wapi wala maji ya kunyunyizia yametoka wapi. Nanasi nunua zima, kalile utakakofika.

Mahindi ya kuchoma yanafaa sana ila omba yasipakwe maji ya chumvi. Kula hindi moja, siyo matatu, ni wanga huo.

#6 Jiko la Mkaa

Mambo ya chipsi niachieni mimi, maana watu wanasema "mafuta mabaya" bila kueleza ubaya uko wapi.

Simama mbele ya karai, angalia. Mafuta mazuri ni ya njano, yametulia, na kiazi kikitumbukizwa mapovu yanakuwa makubwa na yanapasuka haraka. Mafuta yaliyochoka yana rangi ya kahawia hadi nyeusi, ni mazito kama sharubati, na yana povu dogo dogo linalopanda na kung'ang'ania ukingoni. Moshi unatoka hata kabla ya kuweka kitu. Ukiona hivyo, ondoka.

La pili ni joto. Mpishi akiwa na foleni anajaza karai viazi hadi pomoni. Mafuta yanapoa, kiazi badala ya kukaangika kinaoga. Chipsi zinatoka laini, zimelegea, na ukiziweka kwenye karatasi zinaacha ziwa. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, na sahani ya namna hiyo inaweza kubeba vijiko kadhaa kabla hujaweka yai. Basi ukiamua kula zege, na hakuna anayekukataza, agiza nusu chipsi kwa mayai mawili, mafuta yachujwe. Usichukue zile chipsi zilizokaangwa nusu tangu asubuhi na kulundikwa kwenye beseni, zinaingia mafutani mara mbili.

Kwa mama ntilie suala ni saa. Fika kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, sufuria zimetoka motoni. Ukifika saa 10 unakula kilichobaki, na kilichobaki kimepashwa. Angalia sufuria ikifunuliwa: mvuke ukipanda usoni, sawa. Mchuzi ukiwa na utando uliotulia juu, umepoa zamani. Mwombe apakue kutoka katikati ya sufuria siyo juu, mafuta yote yanaelea juu. Mama ntilie mzoefu ukimwambia "mama, nipunguzie mafuta, niongezee mboga" hanuni, na ukirudi kesho anakumbuka.

Kachumbari ndiyo naiogopa kuliko nyama. Nyama imepita motoni, kachumbari imepita kwenye ndoo ya maji tu. Ukiwa ugenini kula mboga iliyopikwa: matembele, mchicha, kisamvu, kabichi.

Na kuna agizo moja ambalo watu husahau kwamba lipo karibu kila baa ya nyama: mchemsho. Kuku, samaki au ng'ombe, na viazi au ndizi, karoti, hoho na kabichi, vyote sufuria moja bila kukaanga. Unachukua nusu saa hadi dakika arobaini, kwa hiyo agiza kabla hujaenda kuoga gesti.

#7 Mwana wa Pangani

Baba yangu mzee ana kisukari, anatumia vidonge na insulini ya jioni. Anasafiri kwenda Kigoma wiki ijayo. Mnasema nini kuhusu yeye?

#8 Nesi wa Zamu

Ndugu, kabla ya yote mzee apite kliniki yake wapange saa za dawa kulingana na saa za safari. Nitakayosema ni ya kuandaa mfuko, siyo ya kubadili dozi.

Hatari kubwa ndani ya basi siyo sukari kupanda, ni kushuka. Anameza dawa alfajiri kama kawaida, chakula kinachelewa hadi saa 8, sukari inaporomoka. Ukiacha insulini, vidonge vya jamii ya glibenklamidi ndivyo vinavyoshusha namna hiyo. Metformini ikiwa peke yake ni nadra. Basi angalieni jina kwenye pakiti yake.

Dalili: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira za ghafla, kuongea visivyoeleweka. Abiria wa pembeni hudhani mzee amelewa au ana usingizi. Akipima na kukuta chini ya 4 (mmol/L), au hana kipimo lakini dalili zipo, apewe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida mililita 150, kama nusu ya glasi kubwa. Soda isiyo na sukari haifanyi kazi hapa. Subirini dakika 15, pimeni tena. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni: kiazi, ndizi na karanga. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, kitamkaba. Huyo ni wa hospitali.

Hiyo soda ya dharura ikae mfukoni mwake, siyo kwenye buti. Kwa kiu ni maji tu. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai, mtu hawezi kuinywa kila kituo akategemea vipimo vizuri Kigoma.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika nyingi huvumilia joto la kawaida la chumba hadi siku 28, soma karatasi yake. Isiachwe kwenye dashibodi, juani wala kwenye buti, na isigusane na barafu. Iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe ndani ya kikopo, ndipo iingie kwenye mfuko wenye chupa ya baridi.

Agawe vifaa mifuko miwili: dawa, sindano, kipima sukari na vijiti vyake. Mfuko mmoja ukipotea stendi, mwingine upo.

#9 Abiria wa Dirishani

Kwa wenye presha niongeze kidogo. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na hiyo inahesabu iliyomo ndani ya chakula. Supu ya asubuhi, mishkaki ya kuchovya kwenye chumvi na pilipili, karanga za pakiti, soseji, ng'onda na vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, kila kimoja kinakula hesabu hiyo. Mwambie mchoma nyama "usiweke chumvi, nipe limau na pilipili". Limau linafanya kazi kubwa ambayo watu hawaipi heshima.

Wale wanaotumia dawa ya presha ya kukojosha, msiruke dozi kwa sababu ya basi. Muulizeni daktari kama inaweza kusogezwa hadi mtakapofika.

#10 Posho ya Safari

Mimi nauliza upande mwingine. Mtu amepangiwa kazi wiki mbili wilayani, analala gesti, chumba hakina jiko na mwenye gesti hataki kuona moto. Kila siku chipsi kuku. Anafanyaje?

#11 Kibuyu cha Njia

Vifaa vinne tu: birika la umeme, chupa ya chai ya lita moja yenye mdomo mpana, kontena moja lenye kifuniko kinachobana, kisu kidogo na kijiko. (Vitano basi.) Muulize mwenye gesti kuhusu birika kabla hujachomeka, maana wengine nyaya zao haziwezi.

Asubuhi: oti vijiko vinne vya mezani vilivyojaa, kama gramu 40, ndani ya chupa ya chai. Kwanza suuza chupa kwa maji ya moto ili ipate joto, mwaga, weka oti, mimina maji yanayochemka mililita 250, funga, dakika 15. Ongeza ndizi iliyopondwa na karanga. Hapo sukari haihitajiki. Ukisahau kuipasha chupa kwanza, unapata uji wa uvuguvugu wenye punje ngumu.

Mayai: yapange kwenye birika, maji yayafunike, likichemka na kujizima acha kifuniko kimefungwa dakika 15. Yaoshe maganda kwanza, hilo birika ndilo utakalochemshia chai. Kama wapo wanaolitumia na wewe, waombe ruhusa, wengine hawapendi kabisa.

Sokoni siku ya kwanza nunua vya siku tatu: parachichi moja lililoiva, moja linaloelekea, na moja gumu. Nyanya, matango, karoti, ndizi mbichi kidogo. Osha kwa maji yaliyochemshwa au yaliyowekwa dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kwa hiyo jioni unanunua kwa mama ntilie maharage na mboga tu, wanga na matunda viko chumbani. Ni nafuu pia, posho inabaki.

Mkate: usitazame rangi. Mkate wa kahawia unaweza kuwa ngano nyeupe iliyotiwa rangi. Soma orodha ya viungo, cha kwanza kiwe unga wa ngano nzima. Ugali ukipata dona usikatae. Dodoma na Singida ulizia wa mtama au uwele.

#12 Tumbo Joto

Kwenye chupa ya chai maharage yanaiva pia? Nimeona mtu kaandika mahali kwamba unayaacha usiku kucha.

#13 Jiko la Mkaa

Usijaribu mkuu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika kumi baada ya kulowekwa na maji ya kulowekea kumwagwa. Chupa ya chai haichemki, inapoa polepole. Yatalainika, utaona yameiva, halafu utatapika usiku kucha. Chupa ni ya vitu vinavyoiva kwa kulowana: oti na tambi nyembamba. Uji wa unga nao haufai humo, unga unataka kuchemka na kukorogwa.

#14 Karani wa Kumbi

Hakuna aliyegusa semina, na huko ndiko watumishi wanakonenepea.

Angalia bafe lilivyopangwa. Sahani zipo mwanzo wa meza, kinafuata wali, pilau, chipsi, ndizi, tambi, halafu nyama, na mwisho kabisa, karibu na maji ya kunywa, bakuli dogo la mchicha na matunda. Mpangilio huo ni wa mpishi kulinda nyama: ukijaza wanga mwanzo, nafasi ya nyama inapungua. Mboga inabaki haina mahali pa kukaa. Dawa yake: zunguka meza mara moja mikono mitupu, kisha anzia mwisho. Nusu ya sahani mboga, robo nyama au samaki au maharage, robo inayobaki wanga wa aina moja. Siyo kijiko cha wali, kijiko cha pilau na chipsi "za kuonja".

Chai ya saa 4 ni mbaya kuliko chakula cha mchana. Sambusa mbili, andazi, soseji na chai ya vijiko vitatu vya sukari, na mtu alikunywa chai hotelini saa 1. Chagua kimoja: ama kifungua kinywa cha hoteli, ama chai ya saa 4.

Kama wewe ndiye unayeandaa semina, una nguvu kuliko wote. Andika kwenye oda ya mpishi: magimbi, mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha badala ya sambusa, karanga, ndizi na machungwa mazima, sukari na chumvi pembeni, maji badala ya soda, na soda kwa anayeomba. Wapishi wengi wanapenda oda hii, mafuta yanapungua na kazi ni nyepesi. Kosa ni kusema kwa mdomo. Bila kuandika, siku ya tukio utakuta sambusa.

#15 Tela Refu

Madereva wa malori mmetusahau. Tuna jiko la gesi dogo na sufuria moja, tunapika pembeni ya gari. Shida yetu ni usingizi baada ya kula.

#16 Kibuyu cha Njia

Usingizi wa mchana unakuja wenyewe kati ya saa 8 na saa 10, na sahani kubwa ya wali au ugali inaupa nguvu. Gawanya mlo wa mchana mara mbili: nusu saa 6, nusu saa 9 na nusu. Ugali usizidi ngumi yako, protini na mboga ziongezwe.

Dagaa wakavu ni mali kwa dereva: wanakaa wiki bila friji, wanaiva dakika kumi. Wakate vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili kutoa mchanga na chumvi, wapike na nyanya na kitunguu (ukipita Ruaha Mbuyuni unajaza kitunguu cha mwezi) kwa kijiko kimoja cha mafuta. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.

Jiko lisiwashwe ndani ya kabini hata kama mvua inanyesha. Kuna moto, na kuna hewa ya sumu isiyo na harufu. Na usingizi ukishakuja, hakuna chakula wala kinywaji cha kopo kinachoutibu. Simama, lala dakika 20.

#17 Mwana wa Pangani

Asanteni wakuu, nimeandika yote kwenye daftari la mzee. La mwisho: tangu yale mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023 anapenda kusafiri usiku. Mfuko unabadilika?

#18 Nesi wa Zamu

Unabadilika. Chakula cha jioni ale nyumbani saa mbili hadi tatu kabla ya kuondoka, sahani ya kawaida, siyo ya "kujiandaa". Usiku mwili hauhitaji mlo, kwa hiyo basi likisimama saa 7 usiku ashuke anyooshe miguu, anywe maji, apande. Ila yeye kwa sababu ya insulini ya jioni asilale bila kupima. Kipimo kikiwa kati ya 4 na 5 wakati wa kulala, ale kiazi nusu na karanga chache, kisha apime tena basi linaposimama; kikiwa chini ya 4, aanze na ile sukari ya haraka niliyoeleza #8. Amwambie jirani yake wa kiti, na kondakta, kwamba ana kisukari na soda iko mfuko wa mbele.

Mayai asibebe usiku. Abebe viazi, ndizi, karanga. Na taa ya simu iwe na chaji, kusoma kipima sukari gizani siyo mchezo.